Yusuf Alihesabu, Sisi Twangoja Simu

   

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, watu wa Magogoni hapa Kisauni, Mombasa, na majirani zenu wa Mlaleo, Mtopanga, Junda na Mjambere! Nawausia, nikianza na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mwezi huu sitawaandikia juu ya saumu, wala juu ya muziki wa harusi unaokesha hadi alfajiri. Nitawaandikia juu ya orodha ya wafanyakazi wa serikali. Najua yuko atakayesema sheikh ameishiwa. Basi asome kwanza, kisha aseme.

Nilimsindikiza binti yangu kumpeleka mtoto kuchanjwa katika zahanati moja ya umma, jina lake nitalihifadhi. Muuguzi alikuwa mmoja. Alimtundika mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi, akafungua kikasha cha chanjo, akadunga, kisha akaondoka kwenda kufungua dirisha la dawa kwa kuwa aliyekuwa akitoa dawa hayuko tena. Aliporudi akamkuta mja mzito amejishika kiuno, hawezi kukaa wala kusimama. Chumba cha pili kilikuwa na kufuli, na mlangoni bado limebandikwa jina la mtu aliyekwisha kustaafu. Kwenye benchi mzee mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu dada ana kiburi, hata salamu haitikii." Kiburi gani? Dada wa watu alikuwa akifanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja, na benchi zima linamtazama kwa jicho la hasira.

Hasira yetu imekosea anwani. Mwenye kuulizwa hayupo pale dirishani. Yuko ofisini, na faili la yule aliyestaafu alikuwa nalo kabatini miaka yote.

Ndugu zangu, kifo huja ghafla. Ugonjwa huja ghafla. Kustaafu hakuji ghafla hata siku moja. Siku mtu anapoandikwa kazi serikalini, anaandika tarehe yake ya kuzaliwa, na umri wa kustaafu Kenya unajulikana: miaka 60, na 65 kwa mwenye ulemavu. Aliyezaliwa 1970 ataondoka 2030. Hilo halihitaji mnajimu wala kamati. Muuguzi husomea diploma yake karibu miaka mitatu. Afisa wa kliniki naye husoma miaka mitatu, na mwaka mwingine wa mazoezi. Daktari ni miaka sita chuoni na mmoja wa mazoezi hospitalini. Kwa hiyo daktari tutakayemtaka 2033 tulipaswa kuwa tumeshamjua, tumeshamsomesha au tumeshamtengea fungu lake. Anayengoja kiti kiwe kitupu ndipo aanze kutafuta mkaaji, huyo ameiacha amana mlangoni bila mlinzi, na Mola wetu katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Kisomeni kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, katika sura iliyobeba jina lake, kuanzia aya ya 43. Ndugu zetu Wakristo wanacho katika Mwanzo, sura ya 41, na jirani yangu mzee wa kanisa hunikumbusha hilo kila tukikutana dukani. Mfalme ameota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Wakubwa wa baraza wakasema hizo ni ndoto za ovyo. Yusuf yumo gerezani, hana mshahara, hana cheo, hana hata uhakika wa kutoka. Akaulizwa. Angeweza kusema "njaa yaja" akanyamaza, nasi tungemwita mjuzi wa ndoto. Hakuishia hapo. Alitoa mpango: limeni miaka saba mfululizo, mnachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula, itakuja miaka saba migumu itakayoila akiba, nayo msiimalize yote, kisha utakuja mwaka wa mvua na kukamua. Hesabu yake ilifika miaka 15 mbele, na aliitoa akiwa mfungwa! Sisi tuna maofisi yenye viyoyozi, na mpango wetu hauvuki mwezi wa Juni, mwaka wa fedha unapokwisha.

Wafasiri wanasema kile kidogo cha kubakizwa katika miaka ya dhiki kilikuwa ni mbegu. Hapo pananiumiza moyo, kwa sababu katika nchi hii tuliwahi kuila mbegu. Miaka ya 1990, wakopeshaji wa nje waliposhikilia masharti yao, serikali ilisimamisha kuajiri katika kada nyingi na ikawapeleka watumishi nyumbani kabla ya wakati. Vitabu vya hesabu vilipendeza. Kilichoharibika hakikuonekana mwaka ule wala uliofuata. Kilionekana baadaye, ofisi zilipojaa wazee wanaokaribia kuondoka, na chini yao vijana wachanga, na katikati hakuna mtu wa makamo aliyeivishwa kushika usukani. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 55 hadi 60. Wapo waliofurahi, na haki yao. Lakini swali la nani atafuata halikujibiwa. Liliahirishwa miaka mitano.

Na katikati ya kuahirisha, watu hawakuacha kuzaliwa wala kuhamia. Sensa ya 2009 ilikuta Mombasa ina watu 939,370. Sensa ya 2019 ikakuta 1,208,333, na katika hao 291,930 wako katika kaunti ndogo yetu ya Kisauni, ambayo ndiyo yenye watu wengi kuliko zote sita. Mmeziona nyumba zilivyopanda huku kwetu, ghorofa juu ya ghorofa. Je, wauguzi, maafisa wa afya, wakaguzi wa majengo, wazoa taka na walimu wa chekechea wamepanda kwa kadiri hiyo? Sitaki mnijibu kwa kubahatisha. Nataka mwende mkaulize, na mwishoni nitawaambia wapi na kwa karatasi gani.

Msidhani sheria imelala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 59, imeipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kazi ya kuhakikisha mipango ya watumishi inaandaliwa pamoja na bajeti ya mishahara yao, viwili hivyo vikienda bega kwa bega. Na kuna jambo dogo katika sheria hiyo lililonifurahisha nilipolisoma. Wajumbe wa bodi hukaa miaka sita, muhula mmoja tu, haurudiwi. Gavana anachaguliwa kwa miaka mitano. Maana yake bodi imewekwa iishi kuliko uchaguzi, ione mbali kuliko kampeni, isimwogope aliyekuja wala isimlilie aliyekwenda. Enyi wajumbe wa bodi, popote mlipo katika kaunti 47 za nchi hii, mwaka ule wa sita si zawadi yenu. Ni wa mtoto aliye kwenye mizani.

Mtasema, sheikh, hesabu hizi ni za wataalamu. Hapana! Kaeni nami kidogo. Mwaka una wiki 52, na wiki ina siku tano za kazi: siku 260. Ondoa siku 30 za likizo, ondoa sikukuu kama 12, ondoa siku 10 za kuugua na za mafunzo. Zimebaki 208. Chukua mfano muuguzi anafanya kazi ya kuhudumia watu saa saba kwa siku, na kila mama na mtoto wake wanahitaji dakika 15 ili wahudumiwe kwa utu. Ni akina mama 28 kwa siku, 5,824 kwa mwaka. Basi zahanati inayopokea akina mama 17,000 kwa mwaka inahitaji wauguzi watatu kwa kliniki hiyo peke yake, na daftari la mapokezi lenyewe linatosha kukwambia wamekuja wangapi. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kupiga hesabu ya namna hii, umeandikwa na unafundishwa. Na hata bila shirika hilo, mpishi wa pilau ya harusi hapa mtaani haweki sufuria jikoni kabla ya kuuliza watu ni wangapi, nani atakoroga, nani atapakua masinia, na nani ataosha vyombo. Hajasomea chuo chochote. Anaogopa aibu.

Sisi hatuogopi aibu, ndiyo tofauti.

Sasa niwaelekee wenye ofisi, kwa heshima lakini bila kuuma maneno. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zimeweka kikomo: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kila mwaka Mdhibiti wa Bajeti huzitaja kaunti zilizovuka. Wakubwa wakiulizwa kwa nini hawaandiki wauguzi, hujibu kuwa fungu la mishahara limejaa. Sawa, limejaa. Limejazwa na nani? Mtu akiandika madereva bila magari, na wasaidizi wa wasaidizi, na vibarua wa kulipa fadhila za kura, kisha akakosa nafasi ya muuguzi mmoja, huyo hana uhaba wa pesa. Ana wingi wa watu mahali pasipohitajika na ukame mahali panapohitajika, na hakuna aliyekaa akaandika ni nani yuko wapi na anafanya nini. Mkopo wa heshima za kisiasa unalipwa na mama aliye kwenye benchi.

Halafu kuna ugonjwa wa kukaimu. Kaimu mkurugenzi, kaimu mkuu wa idara, kaimu huyu, kaimu yule. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 imesema kukaimu kusizidi miezi sita. Mnawajua nyinyi waliokaimu mpaka mvi zikawatoka. Kaimu haamui, kwa kuwa kesho hajui atakuwa wapi. Hasomeshi wa chini yake, kwa kuwa anamwogopa asije akamrithi. Mwenye kumweka mtu katika hali hiyo kwa makusudi anapenda watu wenye hofu, na mwenye kupenda watu wenye hofu hafai kushika ofisi ya umma.

Na vyeti! Mapema mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa katika maafisa wapatao 28,000 waliokaguliwa, zaidi ya 2,000 walikuwa na vyeti vya kughushi. Jirani zetu Tanzania, mwaka 2017, walihesabu watumishi 9,932 wenye vyeti bandia, baada ya mwaka mmoja nyuma kuwafuta wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, majina yanayopokea mshahara bila ya mtu nyuma yake. Fikirini uovu huo ulivyo. Mfanyakazi hewa haugui, hastaafu, halalamiki, na hachanji mtoto. Ukipanga watumishi juu ya orodha yenye mizuka, umepanga nini?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimpenda sana Abu Dharr, mkweli wa ulimi na mwenye kuipa dunia kisogo. Abu Dharr alipoomba apewe uongozi, Mtume alimpiga begani na kumweleza kwamba yeye ni dhaifu wa jambo hilo, na kwamba jambo hilo ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake. Huyo ni Abu Dharr! Na yule binti wa Madyan katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, alipomshauri babaye amwajiri Musa, alitaja nguvu na uaminifu. Yusuf naye alipoomba ghala za Misri alitaja sifa mbili, kuwa ni mlinzi na ni mjuzi. Hakusema kuwa ni mwana wa Yaakub, mjukuu wa Is-haka, kitukuu cha Ibrahim, na sijui nasaba iliyo bora kuliko hiyo. Kwetu, mtu huanza na nasaba, akamaliza na nasaba, na ujuzi huulizwa akiharibu.

Lakini wee msomaji usicheke, zamu yako imefika.

Ni nani aliyemzoesha mheshimiwa kugawa kazi kama tende za futari? Ni sisi. Kijana wetu akimaliza shule, hatumuulizi anajua nini. Twampigia simu mtu wa karibu na mtu wa karibu na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Kisha twakaa, twangoja simu irudi. Mwaka wa uchaguzi twavaa fulana, twaimba, na malipo tuyatakayo ni kwamba "kijana wetu aingizwe kaunti." Aingizwe afanye nini? Swali hilo kwetu ni ufidhuli. Tukishinda, kijana anaingizwa, anakaa kwenye kiti ambacho hakikuwa kinahitajika, na mwaka unaofuata mkewe anajifungua pahali pasipo na mkunga. Mlango ule ule alioingilia kwa nyuma ndio uliomfungia mkewe mbele.

Wengine hutumia dini. Huniambia, sheikh, tusimamie tuandikwe sisi wenyeji, sisi Waislamu, tumeonewa muda mrefu. Tumeonewa kweli, na madai ya watu wa Pwani kuhusu kazi katika ardhi yao si porojo. Dhuluma haitibiwi kwa dhuluma. Sheria ile ile ya Serikali za Kaunti ya 2012 imetaka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti, na Katiba, ibara ya 54, imetaka angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Magogoni hii anaishi Mgiriama, Mdigo, Mswahili, Mkamba, Mluo na Mluhya, na mtoto wa kila mmoja wao hupimwa kwenye mizani ile ile. Muuguzi akiwa hodari na mwaminifu, sitamuuliza anasali upande gani.

Natamani mngejua gharama ya kutopanga ilivyo kubwa. Madaktari wa umma waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kwa mkataba uliotiwa saini 2013 na haukutekelezwa. Wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na kiini kimojawapo kilikuwa madaktari wa mazoezi: vijana waliomaliza masomo, serikali ikajikuta haijui iwapeleke wapi na iwalipe nini. Hivi kweli? Mtoto anasoma udaktari miaka sita mbele ya macho ya taifa, kisha siku ya kumaliza taifa linashtuka! Hospitali Kuu ya Pwani pale Tononoka inatazamwa na kaunti sita, kutoka Lamu mpaka Taita Taveta. Mgomo wa namna ile ukiingia, maskini hana pa kukimbilia. Mwenye nacho huvuka barabara akaingia hospitali ya kulipia.

Hapa mjini petu, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah kuwakemea watu wa Pwani waliobaki kusifu ya zamani huku wenzao wakisoma. Baadaye, 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Angefufuka leo asingekosa la kuandika. Vijana, hasa nyinyi mnaoshinda barazani na simu: nendeni vyuo vya mafunzo ya matibabu, nendeni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, someni uhasibu, takwimu, ukaguzi, uhandisi wa maji. Na kamati za misikiti yetu, mnaochangisha kwa zulia jipya wakati zulia la zamani halijachakaa, lipieni karo ya wasichana wawili watatu wa mtaa huu wasomee uuguzi na ukunga. Malipo yake kwa Mola hayatapungua hata unyoya kuliko ya zulia.

Kisha fanyeni hili, na hapa ndipo nilipowaahidi. Kila mwaka kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili, na Katiba inaliamuru bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Mikutano hiyo hutangazwa, nasi hatuendi, au twaenda kwa sababu ya soda. Nendeni. Msiombe kazi pale. Ulizeni: katika wadi ya Magogoni, zahanati na ofisi za umma zina nafasi ngapi zilizoidhinishwa? Zilizojazwa ni ngapi? Nani atastaafu katika miaka mitano ijayo, na nani anaandaliwa badala yake?

Mkijibiwa kwa hotuba, andikeni barua. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari iliyoko katika ofisi ya umma, bila kutoza ada ya kuwasilisha ombi, na ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi lenyewe sheria imeruhusu liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Basi liandikeni kwa Kiswahili, lipigwe mhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala yenu, na mhesabu siku.